Mtambo wa Kale na Neno la Muuzaji

Injini ya hewa moto ni mtambo mpole. Mchungaji Robert Stirling wa Uskoti alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1816, zama ambazo matangi ya mvuke yalikuwa yakipasuka na kuua watu. Ndani yake hamna mvuke. Hewa iliyofungwa katika silinda hupashwa moto upande mmoja ikatanuka, hupozwa upande wa pili ikanywea, na mwendo huo huzungusha gurudumu. Baadaye mitambo hiyo ilivuta maji visimani, ikaendesha feni katika nchi za joto zisizokuwa na umeme. Na viwanda vya Nuremberg, Ujerumani, viliunda midogo ya kuchezewa na watoto. Leo wapenzi wa vitu vya kale huitafuta kwa fedha nyingi, na aghalabu huinunua katika minada ya intaneti, ambako mnunuzi huona picha tu.

Sasa, msomaji, jifanye mnunuzi. Umeambiwa kuwa mtambo huu ni wa mwaka 1900. Utaujuaje ukweli? Tazama skrubu. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea viwandani katika miaka ya 1930. Ukiiona, usikimbilie kumwita muuzaji mwongo, kwani yamkini fundi mwema aliutengeneza mtambo miaka ya baadaye akatia skrubu aliyokuwa nayo. Tazama rangi pia. Tindikali huzeesha shaba kila mahali sawasawa, hali umri huila kwa upendeleo: huacha weusi penye moto, na hulainisha panaposhikwa na mkono. Iko na dalili niipendayo kuliko hizo. Mwigaji hutumia kipande cha asili kama kielezo cha kufanyia kalibu. Lakini chuma kilichoyeyushwa hunywea kinapopoa, yapata sehemu moja katika mia, basi nakala hutoka ndogo na maandishi yake hufifia. Jicho halioni tofauti hiyo. Kipimo huiona.

Walakini swali letu halimo katika chuma. Nakala yaweza kuzunguka vizuri kuliko mtambo wa asili, na fundi aiundaye leo akaichora mwaka wa leo amefanya kazi ya heshima. Hadaa huanza linapoongezwa neno moja tu, "kale". Mnunuzi alilipia ushahidi kwamba mikono ya watu waliokwisha kufa ilifanya jambo hili, naye amepewa chuma kitupu.

Haya, geuza mizani. Muuzaji ni mjane asiyejua thamani ya alichoachiwa na mumewe. Ameuita mtambo wa kweli kidude cha watoto, kwa bei ya kikapu cha viazi. Wewe wajua. Je, utanyamaza? Wengi husema kuwa elimu ya mnunuzi ni mali yake, aliisumbukia, nami sikatai kwamba biashara huishi kwa kujua. Tena watasema muuzaji mwongo alinena, lakini mnunuzi hakunena neno. Basi mfikirie muuzaji aliyepiga picha kwa hila ili skrubu mpya zisionekane. Huyo naye hakunena neno, nasi twamwita mdanganyifu. Kwa hoja gani tutamlaumu yeye na kumsamehe mnunuzi?

Mimi ningemwandikia mjane yule kabla mnada haujafungwa, ingawa najua kwamba huenda mtambo ukachukuliwa na mwingine mwenye fedha kunishinda.