Lupango, mlango na jirani: uzuri wa nyumba ni wa nani?

Wazee walituachia methali moja: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ni methali ya kweli, na mimi mwenyewe nimeifundisha darasani mara nyingi. Lakini hapa Kisangani, watu wengi wanaopita mbele ya nyumba zetu hawataingia ndani hata siku moja. Mwanafunzi anayeenda masomo, mama anayetoka soko na beseni juu ya kichwa, kijana wa toleka ao wa moto anayebeba mtu: hao wote wanajua nyumba yetu kwa ua wake na kwa mlango wa lupango, basi.

Kwa hiyo swali linabaki. Tunapopanga ua na mlango ili nyumba ionekane vizuri, ule uzuri ni wa nani? Ni wa mwenye parsele aliyelipa matofali, ao ni pia wa yule anayeuona kila siku, na zaidi ya wote, wa yule anayekaa upande wa pili? Zamani niliona hilo kuwa swali la watu wenye pesa. Kisha siku moja likanikamata mimi mwenyewe, nikiwa nimeshika kamba ya fundi mkononi.

1. Maneno yenyewe

Tuanze na lugha, juu lugha inaweka akiba ya mambo ambayo sisi tunasahau. Katika Kiswahili cha shule, kile kinachozunguka nyumba kinaitwa ua, wingi wake nyua. Lakini ua ni pia lile la mti, wingi wake maua. Na ukimwambia mtu «ua!», umemwamuru kuondoa uhai. Ni maneno matatu, sauti moja. Sisemi kwamba ni ya ukoo mmoja. Nasema tu kwamba mwalimu hawezi kukataa zawadi kama hiyo: ua wa nyumba unaweza kuchanua, na unaweza kuua kitu pia.

Katika maongezi yetu ya kila siku tunasema zaidi lupango, ao lopango kwa Kilingala. Neno hili linataja ua, lakini limekula kiwanja chote. Mtu anasema «nimenunua lupango» hata kama pale hakuna kijiti kimoja kilichosimama. Ni kusema kwamba kwetu udongo bila ua hauhesabiwi bado kuwa wa mtu.

Neno la tatu ni baraza. Kule pwani, Zanzibar na Lamu, baraza ni benchi ya mawe iliyojengwa mbele ya nyumba, pembeni ya mlango, kwa mtu wa nje kuketi. Kwetu neno limesafiri na kuwa barza, ile sehemu yenye kivuli mbele ya nyumba ambapo tunapokea wageni. Lilishuka mto pamoja na lugha yenyewe, katika wakati wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye katika mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa jina la dola la Leopold II. Tusidanganyane: watu waliotuletea baraza ndio waliotuletea pia boma la kufungia mateka. Benchi ya kumkaribisha mtu na ua wa kumfunga mtu vilifika hapa kwa njia moja.

2. Pale fagio inaishia

Ukitoka mjini kwa barabara ya Buta, ya Ituri ao ya Lubutu, utaona vijiji ambavyo nyumba zimepangwa kwa mstari na kutazama barabara. Ua ni kidogo sana. Lakini uwanja umefagiliwa, mweupe, bila jani moja. Mpaka uko wapi? Pale fagio ya mama moja inaishia na fagio ya mwenzake inaanzia. Mpaka wa namna hiyo unaomba kitu kimoja tu: watu wawili waamke asubuhi na kila mmoja afanye sehemu yake. Siku moja asipofagia, jirani anauliza: mama yuko mgonjwa?

Mjini mambo ni mengine. Parsele ina namba, ina vipimo, ina karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake. Raia anapewa haki ya kuutumia, na anapaswa kuonyesha kwamba anautumia kweli. Sisi wote tunajua pia matata ya parsele moja kuuzishwa kwa watu wawili. Ndiyo maana kwenye kuta nyingi tunasoma maandishi makubwa ya rangi: «Parsele hii haiuzishwi». Kwa maskini, ua ni karatasi ya kwanza. Kabla ya kumcheka mtu anayefunga kiwanja chake kwa mabati ya zamani, tukumbuke hilo.

Na tukumbuke tena Lubunga, ng'ambo ya mto, katika mwaka 2023. Ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ulichoma nyumba na kukimbiza maelfu ya watu. Mpaka si kitu cha mchezo.

3. Ua na mlango vinapaswa kusikilizana

Sasa tuseme juu ya uzuri wenyewe, juu wengine wanaona ni aibu kuuzungumzia wakati watu wanatafuta chakula. Mimi sioni hivyo. Kupanga mbele ya nyumba ni kama kunawa uso kabla ya kutoka.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni hili: mtu anapata pesa kidogo, anakimbia kwa fundi wa vyuma, anatengeneza mlango mkubwa wa mikono miwili, na maua ya chuma na rangi ya dhahabu. Anausimamisha kati ya nguzo mbili za matofali. Kuume na kushoto, ua ni mianzi iliyooza, mbuzi anapita anavyotaka. Ni sawa mtu aliyevaa kravati bila shati. Mwingine anafanya kinyume: ukuta mrefu uliopakwa rangi, kisha mlango wa vipande vya pipa vilivyounganishwa.

Mafundi wazuri wa hapa wanajua kanuni bila kuzisoma. Mlango usipite sana urefu wa ua. Rangi ya mlango itoke kwenye nyumba, kwa mfano rangi ya madirisha, ili jicho lipate njia kutoka barabara mpaka barza. Ukiwa na ua wa miti, mlango wa mbao ao wa vyuma vyembamba unafaa kuliko mlango wa bati zima. Na uchague kitu unachoweza kutunza. Hapa mvua inanyesha karibu mwaka mzima: mianzi inaoza na mchwa wanaila, ua wa hibisko unaomba panga kila mwezi, chuma kinaomba rangi kabla kutu haijaingia. Matofali ya kuchoma yanadumu, lakini yanaomba msingi mzuri, na chini yake matundu ya kupitisha maji.

Lakini kuna kanuni moja ambayo fundi hawezi kukufanyia. Ua wako unaendelea na ua wa jirani. Ukijenga mbele kwa hatua moja, umevunja mstari wa avenyu nzima. Ukipanda juu kwa mita moja zaidi, umemfanya yeye aonekane mfupi. Hakuna ua mzuri ulio peke yake. Watu wa Zanzibar walichonga milango yao kwa ufundi mkubwa, na mlango ulionyesha cheo cha mwenye nyumba. Mji wao wa mawe uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO katika mwaka 2000. Lakini pembeni ya mlango ule wa kujisifu waliacha benchi. Mlango ulisema: mimi ni mtu mkubwa. Benchi ilisema: keti. Milango yetu mingi ya leo inasema neno la kwanza tu.

4. Kamba ya fundi

Sisi tunakaa katika komini ya Tshopo. Kati ya parsele yetu na ya jirani kuna ua wa hibisko. Baba yangu na mume wa jirani waliupanda pamoja, zamani. Wote wawili wamekufa. Mjane yuko, sisi wote tunamwita Koko.

Usiku mmoja wezi waliingia, wakabeba masufuria, kuku na baiskeli ya mtoto. Mke wangu alisema: «Sasa inatosha, tujenge.» Nilikuwa na akiba kidogo. Nikaita fundi, akahesabu matofali, akasimamisha vijiti na kuvuta kamba kando ya hibisko. Nilikuwa nimekwisha kuona mbele ya macho: ukuta wa mita mbili na nusu pande zote, mlango wa bati nzito, vipande vya chupa juu.

Koko akatoka, akatazama kamba.

«Mwalimu, hii kamba iko ya nini?»

«Koko, ni juu ya wezi. Tunataka kujenga.»

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: «Jenga, mtoto wangu. Ukuta utakuwa wako, sikatae. Lakini kivuli yake itaanguka kwangu. Na maji yake pia.»

Nilitazama chini na nikaona kweli. Parsele yetu iko juu kidogo. Mvua ikinyesha, maji yake yanapita chini ya hibisko yakitawanyika pole pole. Ukuta ungeyakusanya yote na kuyatoa kwenye kona moja, mbele ya jiko lake la udongo. Mimi nilikuwa nimehesabu matofali, sikuhesabu maji.

Akaongeza: «Na ile tundu, unaisahau?»

5. Ile tundu

Sikuisahau. Nilikuwa kijana mwaka 2000. Kutoka Jumatatu tarehe 5 mpaka Jumamosi tarehe 10 Juni, majeshi ya Rwanda na ya Uganda, majeshi ya kigeni yote mawili, yalipigana katikati ya mji wetu. Mabomu yalivuka juu ya mto Tshopo na kuanguka juu ya nyumba. Mamia ya raia walikufa, na nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa.

Katika siku zile sita, barabara ilikuwa ya mabomu. Njia ya watu ilikuwa matundu ya ua. Tulitoka parsele moja kuingia nyingine tukiinama, kutafuta nyumba yenye kuta nene ao kikombe cha maji. Kwenye tundu la hibisko yetu Koko alitupitishia ndizi za kuchoma, na kwenye tundu lile lile baba yangu alimpitisha mtoto wake aliyeumia mguu. Hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi. Kama pande zote zingekuwa kuta za mita mbili na nusu zenye chupa juu, sijui ni wangapi kati yetu wangekuwa hapa leo.

6. Maneno ya upande wa pili

Hata hivyo, mwalimu asifundishe upande mmoja tu. Mama mmoja wa avenyu yetu, mjane pia, anayeishi na mabinti wawili, amejenga ukuta mrefu kabisa. Nilipomwambia mawazo yangu, alinijibu bila hasira: «Mwalimu, wewe uko mwanaume. Mimi, toka nimejenga, ninalala.» Sikupata jibu, na sitafuti. Usingizi wa mama na mabinti wake ni uzuri mkubwa kuliko mstari wa avenyu. Anayejenga juu ya woga wa kweli hafanyi dhambi. Vita ni kitu cha siku sita. Mwizi ni wa kila usiku.

Basi sisemi kwamba kuta ni mbaya. Nasema hivi: ukuta ni kitu chenye nyuso mbili, na mwenye kulipa anaona uso mmoja tu. Uso wa pili anaujua jirani. Anayejenga bila kumuuliza amepamba nyumba yake kwa kuchafua ya mwenzake, hata kama rangi ni nzuri namna gani. Na anayeuliza anaweza kujenga mrefu, na bado akawa jirani.

Kwa kumaliza

Nitasema tulivyofanya, si kama mfano, lakini juu msomaji ana haki ya kujua. Mbele, upande wa avenyu, tumejenga ukuta wa kifua wa matofali ya kuchoma, na juu yake matofali ya matundu, yale mafundi wanaita klostra: upepo unapita, jicho linapita kidogo, mtu hapiti. Mlango ni wa nondo, si wa bati, na una rangi ya kijani kama madirisha. Nje, pembeni ya nguzo, tumeweka benchi fupi. Upande wa Koko, hibisko imebaki. Tumechimba mfereji wa maji pamoja na vijana wake. Kwenye tundu tumeweka kimlango cha mbao chenye komeo mbili, moja kwake na moja kwetu. Kila mmoja anaweza kufunga peke yake. Kufungua kunaomba watu wawili.

Mke wangu anaona bado kwamba nilichagua vibaya, na usiku mbwa akibweka ninaamka kuliko yule mama wa ukuta mrefu. Ndiyo bei, na ninailipa mimi.

Methali ya wazee inabaki kweli: nyumba njema si mlango. Ningependa tu tuiongezee kitu cha wakati wetu. Kabla ya kusifu mlango wa mtu, zunguka uende kwa jirani yake, uutazame ua ule kutoka upande wa pili. Asubuhi hizi Koko anafagia majani ya hibisko kwake, na sisi kwetu. Siku fagio yake ikinyamaza, tutajua mara moja kwamba tunapaswa kufungua.