Akiba ya Shayiri na Haki ya Jirani

Wanafunzi wa Kiswahili aghalabu huchanganya shayiri na shairi, nasi walimu huwasahihisha huku tukicheka. Katika Kiarabu, asili ya maneno haya mawili ni herufi tatu zile zile, basi kosa lenyewe si la ajabu. Lakini tukiwauliza shayiri ni nini, wengi hujibu kuwa ni nafaka ya pombe. Kweli, huko Narok, nchini Kenya, hulimwa kwa ajili ya viwanda vya bia, na ni wachache miongoni mwetu waliopata kuiona chunguni.

Wako watu walioishi kwa nafaka hii. Katika nyanda za juu za Ethiopia hukaangwa, ikasagwa, na unga wake uitwao beso huwa masurufu ya msafiri, ambaye huukoroga kwa maji tu akala. Uskoti na Poland huikoboa mpaka ganda na pumba zitoke, punje zikabaki nyeupe na za mviringo; ndiyo sababu huitwa shayiri ya lulu. Ikiwekwa pakavu, hukaa miezi mingi bila kuharibika. Mpishi hutia konzi mbili katika mchuzi wa mifupa, karoti na vitunguu, akauacha kwenye moto mdogo kwa muda wa saa moja hivi. Punje hufura, mchuzi ukawa mzito, na kidogo kile kikawashibisha wengi.

Hapo ndipo linapozuka swali letu. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini huwekwa kwa siku ya dhiki, na dhiki ikiingia nyumba moja mara nyingi imekwisha kuingia mtaa mzima. Jirani akibisha hodi siku hiyo, je, mwenye akiba anayemnyima ni mchoyo, ama ni mzazi mwenye busara? Wako wasemao kwamba aliyelima akaweka ana haki ya kula peke yake. Hoja hiyo ina nguvu: asiyeweka hana hata cha kumpa mgeni. Ila hudhani kwamba kila mwenye njaa alikuwa mvivu, hali ukame, maradhi na ujane havichagui mtu.

Dini mbili zilizoenea kwetu ziligusa jambo hili kwa kuitaja shayiri yenyewe. Zaka ya fitri iliwekwa kuwa pishi ya tende au pishi ya shayiri, itolewe kabla ya sala ya Idi: chakula kile kile kilichomo ghalani mwa mtoaji. Nayo sheria ya Musa ilimkataza mkulima kuvuna pembe za shamba lake, ili maskini na mgeni wapate. Ruthu, mjane na mgeni, aliwasili Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri, na Boazi akampimia vipimo sita. Mwenye mali haambiwi amalize ghala. Pishi moja si ghala, wala pembe si shamba. Lakini pia haachiwi hiari. Sisi twaona mpaka wa akiba na uchoyo uko hapo: fungu la jirani hupimwa mwanzo, halingoji masalio.

Uko mwaka mgumu zaidi, ambao ghala haliwatoshi hata watoto wa nyumbani. Fitri haimlazimu asiye na ziada ya chakula cha siku ile na usiku wake, na hatuoni wa kumlaumu. Hata hivyo chungu cha shayiri huvumilia kata moja zaidi ya maji, maana punje, zikiachwa motoni, huendelea kunywa.