Mmoja penye kazi ya wengi

Katika miji ya Katanga wako makarani wengi waliojifunza kazi ya kusimamia watumishi ndani ya kompania kubwa, kama Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya serikali kuichukua mwaka 1967. Katika biro ya namna hiyo kazi imegawanyika: huyu anaandikisha watumishi wapya, yule anahesabu mishahara, mwingine anapokea karatasi za wagonjwa, mwingine anasikiliza mashauri. Lakini kompania kubwa nazo hupungua. Kuanzia mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Karani anayetoka penye wengi akaingia kompania ndogo, mara nyingi anakuta kwamba biro nzima ni yeye peke yake.

Basi tunauliza: mtu huyu, mzigo wa dhamiri yake umeongezeka, ao ni uleule wa zamani?

Wengi watajibu kwamba umeongezeka. Sisi tunafikiri hivi: zamani mzigo ulifichwa. Penye watu wengi, mtumishi akifukuzwa bila haki, aliyeandika barua anasema, “Niliagizwa.” Aliyehesabu anasema, “Hesabu yangu ni sawa.” Aliyetia sahihi anasema, “Mtu yule sikumjua.” Kila mmoja amefanya kipande chake, na ubaya mzima hauna mwenyewe. Lakini aliye peke yake hana mlango wa kujificha. Ndiye aliyemwandika mtu yule kazini, ndiye anayejua ugonjwa wa mtoto wake, na sasa ndiye anayeagizwa kuandika barua ya kumwachisha. Anamwona mtu mzima, si kipande.

Hiyo ni faida. Lakini iko na hasara, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Tutazame sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002. Mtumishi mwenye mkataba usio na mwisho, akiachishwa na bwana wake, hupewa taarifa ya siku 14 za kazi kwa uchache, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima aliotumika. Aliyetumika miaka 6 anastahili siku 56. Karani akisahau miaka hiyo na kuandika 14, mtumishi anapotewa na siku 42, na hakuna mwenzake mezani wa kusema, “Ndugu, hesabu tena.” Moyo mwema hautoshi. Hesabu mbaya ya mtu mwema humnyima mwenzake mkate sawasawa na hila ya mwizi.

Basi afanye nini? Kwanza, aandike kanuni kabla ya shauri kufika, ili siku ile shemeji yake atakapokuja kuomba kazi, apimwe kwa kipimo kilekile cha mgeni. Pili, asione haya kuuliza. Inspekta wa kazi yuko, na wenzake wa kazi hiyo katika kompania nyingine wako; awaulize bila kutaja jina la mtu. Tatu, jicho la pili alitafute kwa mtumishi mwenyewe na kwa delege wa sendika: awaonyeshe hesabu, nao waihesabu mbele yake. Karani anayeogopa kuonyesha hesabu, tuseme nini juu yake?

Linabaki neno lililo gumu. Mkubwa akiagiza mtu aachishwe kwa sababu ya uwongo, karani atende namna gani? Sheria inataka sababu iandikwe wazi katika barua, na mkono utakaoiandika ni wake. Amwendee mkubwa kwa faragha, kwa heshima, na sheria mkononi. Akikataliwa, asiandike uwongo. Hatusemi ni jambo jepesi. Karani naye ana watoto wanaongoja unga. Lakini hata penye wengi mkono ulikuwa wake, ila haukuonekana.

Nanyi wakubwa, mnaompa mtu mmoja kazi ya watu kumi, msimlaumu anapoomba siku moja zaidi ya kuhesabu vizuri. Siku hiyo ni haki ya yule anayehesabiwa.