Kura ya Tabibu: Ni Haki au Ni Kamari?

Watu wetu waendao bara kwa biashara, Kisumu na Oyugis, hurudi barazani na maneno haya: "Wajaluo wamechelewa kujua faida ya tohara, sisi twaijua tangu zamani." Maneno hayo yana kiburi, tena si kweli. Sisi twatahiri kwa kuwa dini yatuamrisha. Je, kutii amri ni sawa na kujua kwa hakika kwamba jambo lile lazuia Ukimwi?

Matabibu walikwisha kuona kwamba waliotahiriwa huambukizwa kwa uchache. Lakini aliyetahiriwa huenda hanywi pombe, na huenda mwenendo wake wa ndoa ni mbali. Nani ajuaye kilichomkinga? Ili kuyatenga mambo hayo, mwaka 2002 wataalamu walianza majaribio mjini Kisumu. Vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wote kwa ridhaa yao, waligawanywa kwa kura: hawa watahiriwe sasa, hawa wangoje miaka miwili. Kura haimjui mlevi wala mchaji. Huwachanganya pande zote mbili, hata tofauti kubwa ibakiayo iwe ni tohara yenyewe.

Hapo mwenye huruma atauliza: Tabibu adhaniaye kwamba jambo lafaa, yu halali kumngojesha mtu kwa kura?

Twajibu kwamba kura si kamari. Kamari humnyang'anya huyu ikampa yule. Kura hukata shauri pale ambapo hapana ajuaye nani astahili zaidi. Mtume (s.a.w.) alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze, asipendelewe mmoja. Tena dhana si ujuzi. Kisu huleta jeraha, na aliyetahiriwa aweza kujiona salama akazidisha uzembe. Lau dhana ile ingalikuwa ya uongo, watu wangapi wangalikatwa bure?

Lakini uhalali huu una masharti: kutojua kuwe kwa kweli, ridhaa iwe ya kweli, na siku ujuzi upatikanapo kura ikome. Kisumu ilikoma. Desemba 2006 walihesabiwa walioambukizwa: 22 katika waliotahiriwa na 47 katika waliongoja, na makundi yenyewe karibu sawa kwa idadi. Majaribio yalisimamishwa kabla ya muda wake, na waliongoja wakapewa tohara.

Tusiwasahau wale 47. Serikali ilipoanza mwaka 2008 kutoa tohara bure katika Nyanza, kijana wa Oyugis, kwenye barabara ya Kisumu na Kisii, alipokea ujuzi ulionunuliwa kwa subira ya vijana asiowajua hata kwa majina. Nasi wa pwani twautumia ujuzi huo huo katika mazungumzo yetu, na hatukuulipia kitu.

Basi yatupasa adabu. Wale 22 pia walikuwa katika kundi la tohara. Tohara hupunguza hatari, haiiondoi, na asiyejihifadhi hatahifadhiwa na jando lake. Atakaye kumcheka kijana wa Oyugis na ajiulize kwanza: katika ujuzi huu ninaojivunia, mimi nilitoa nini?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.