Kiingereza si mizani ya akili

Katika miji yetu kuna dhulma moja ambayo imezoeleka hadi haionekani tena kuwa ni dhulma. Mtu akisimama mbele ya watu akazungumza Kiingereza kilichonyooka, huhesabiwa msomi kabla hata hajasema jambo la maana. Mwingine ana hoja nzito, lakini ulimi wake ukikwama kidogo katika Kiingereza, watu hutazamana na kucheka, na hoja yake hufia hapo hapo. Swali la kujiuliza ni hili: tunapompima mtu kwa lugha hiyo, tunapima elimu yake au bahati yake?

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya elimu duniani, hivyo asiyekijua hana budi kuachwa nyuma. Lakini wataalamu waliotumia maisha yao kuchunguza namna Kiingereza kinavyotumika vyuoni na makazini wametuonyesha jambo ambalo wengi wetu hatujalizingatia.

Mmoja wa mashuhuri miongoni mwao ni John Swales, Mwingereza aliyefundisha Libya na kisha Chuo Kikuu cha Khartoum, Sudan, katika miaka ya 1970, kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Katika kitabu chake kiitwacho Genre Analysis, kilichotoka mwaka 1990, alionyesha kwamba utangulizi wa makala za kitaalamu aghalabu hufuata hatua tatu. Kwanza mwandishi huonyesha kuwa jambo analolizungumzia lina uzito. Pili huonyesha pengo lililoachwa na waliomtangulia. Tatu hueleza namna atakavyoliziba pengo hilo.

Msomaji anaweza kuuliza, kuna ajabu gani hapo? Ajabu ni kwamba hatua hizo hakuna anayezinyonya kwa mama yake. Mtoto aliyezaliwa London hazaliwi nazo, na wa Kariakoo vilevile. Wote wawili hufundishwa. Wanazuoni wa Kifaransa, Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, walishalieleza hilo mwaka 1965, kwamba lugha ya vyuoni haiwi lugha ya mama ya mtu yeyote, hata watoto wa tabaka la wasomi. Tofauti ni kwamba wapo wanaoanza kuizoea mapema nyumbani, na wapo wanaokutana nayo kwa mara ya kwanza katika chumba cha mtihani.

Tena, kilicho na kanuni hufundishika. Mwaka 2000, Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya makundi 570 ya maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaalamu ya fani mbalimbali. Makundi hayo hubeba takriban asilimia 10 ya maneno yote ya maandishi hayo. Hiyo si bahari isiyo na mwisho. Ni kazi ya mwalimu mwenye bidii na mwanafunzi mwenye subira.

Kuna na utafiti wa mazungumzo. Nchini Finland, Profesa Anna Mauranen na wenzake walikusanya maneno milioni moja ya mihadhara, semina na midahalo ya vyuoni, ambamo watu wa mataifa mbalimbali walizungumza Kiingereza kisichokuwa lugha yao. Sarufi zao zilikuwa na kasoro, lakini walielewana. Walielewana kwa sababu walirudia, walifafanua, waliuliza, na walijirekebisha kabla mambo hayajaharibika. Kwa maneno mengine, kilichowaokoa ni kumjali msikilizaji kuliko kuringia ufasaha.

Asiyeona uzito wa hilo na atazame angani. Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa ziligongana katika uwanja wa Tenerife, kwenye visiwa vya Canary, wakafa watu 583. Miongoni mwa sababu ilikuwa kauli ya Kiingereza kutoka kwa marubani Waholanzi, ambayo mwongozaji ndege, Mhispania, aliielewa tofauti na walivyokusudia. Januari 25, 1990, ndege ya Colombia ilianguka karibu na New York baada ya kuishiwa mafuta, wakafa watu 73. Marubani walikuwa wamesema mafuta yanakwisha, lakini hawakutamka tamko rasmi la hali ya hatari ambalo lingewafanya waongozaji wawape njia mara moja. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliweka baadaye viwango vya lugha kwa marubani na waongozaji ndege. Viwango hivyo havikumsamehe mwenye Kiingereza cha kuzaliwa. Naye anatakiwa aeleweke na wageni na aache misemo ya kwao. Mizani ya ICAO, basi, ni kueleweka.

Historia yetu Waislamu inalijua jambo hili vizuri. Kiarabu kilipokuwa lugha ya elimu kutoka Andalusia hadi Asia ya Kati, wengi wa waliokitumikia hawakuwa Waarabu. Sibawayhi, ambaye kitabu chake ndicho msingi wa sarufi ya Kiarabu, alikuwa Mwajemi. Al-Biruni alizaliwa Khwarazm na kukulia katika lugha nyingine, akaandika elimu ya nyota na hesabu kwa Kiarabu. Walijifunza lugha kama fundi anavyojifunza kushika chombo chake, na hakuna aliyesema akili zao ni pungufu kwa kuwa mama zao hawakuwa Waarabu.

Hata adabu ya maandishi ya Kiingereza cha kitaalamu si ngeni kwetu. Watafiti kama Ken Hyland wameonyesha jinsi wanasayansi wanavyolainisha madai yao kwa maneno yenye maana ya "huenda" na "inaelekea". Mwanafunzi wetu akiyaona hayo hudhani mwandishi hana uhakika na nafsi yake. Kumbe ndiyo ile ile adabu ya mwanachuoni anayetoa fatwa kisha akamalizia kwa Wallahu a'lam. Mwalimu anayejua hilo atamfungulia mwanafunzi mlango kwa ufunguo ambao tayari anao mfukoni.

Sasa tuje kwenye wajibu. Nchini Tanzania mtoto hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha akifika sekondari hugeuziwa karibu masomo yote kwa Kiingereza. Tangu mwaka 1984, wataalamu Criper na Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kubeba masomo yao. Kumtaka mtu aogelee bila kumfundisha, kisha kumcheka anapozama, si uadilifu. Anayeamua kutahini kwa lugha fulani ana deni la kuifundisha lugha hiyo kwanza, waziwazi, pamoja na kanuni zake zilizofichika.

Wajibu wa pili ni wa sisi tuliokwisha kuvuka. Daktari anayempa mgonjwa fomu ya upasuaji ya Kiingereza atie saini, ofisa wa benki anayemsukumia mama wa sokoni mkataba wa mkopo wa kurasa kumi, mwanasheria anayemsemea mteja maneno asiyoyafahamu. Hawa wote wamebeba amana. Saini ya mtu asiyeelewa anachosaini si ridhaa. Mkono wake umeandika, lakini moyo wake haujakubali. Mafunzo ya Sura Ibrahim kwamba Mitume walitumwa kwa lugha za kaumu zao, ili ujumbe ubainike, yanatosha kuwa hoja dhidi ya kila mtaalamu anayejificha nyuma ya lugha.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Ni hatua kubwa kwa mtu ambaye zamani aliweza kuhukumiwa kwa hukumu iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Lakini sheria haiingii katika kila chumba cha daktari wala kila meza ya mkopo. Huko kinachobaki ni dhamiri.

Haya yote hayana maana kwamba tukitupe Kiingereza. Tukijifunze, tena kwa bidii, maana elimu nyingi ya zama hizi imo ndani yake, na anayemwambia mtoto wa maskini akiache huku wa kwake anasoma shule ya kulipia hamtakii mema. Ila tukijue kwa hadhi yake, kwamba ni chombo. Kijana akija na hoja kwa Kiingereza kibovu, tumsikilize hoja kwanza, kisha tumrekebishe lugha kwa upole. Na mtaalamu akija na Kiingereza kizuri, tumuulize kwa Kiswahili: unasema nini hasa? Akishindwa kutujibu, hapo tutakuwa na haki ya kuitilia shaka elimu yake.