Nani Hasa Ndiye Mtumiaji?

Mwaka 1936 ukame uliunguza mashamba ya Iowa, Marekani. Mkulima mmoja wa karibu na mji wa Carroll alikuwa amekataa mbegu mpya ya mahindi chotara, na mahindi yake yakanyauka huku ya jirani yamesimama. Mwanawe, Everett Rogers, alikua na swali moja kichwani. Mwaka 1962, akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mjini Columbus, alichapisha kitabu chake Diffusion of Innovations: kwa nini huyu hupokea jambo jipya mapema na yule akachelewa? Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alikuja na swali la jirani, safari hii kuhusu kompyuta za kazini. Jibu lake lilikuwa kwamba mtu hutumia mfumo akiuona una manufaa na haumsumbui. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwemo, waliongeza ushawishi wa watu wanaomzunguka mtumiaji, misaada anayoipata, na kama anatumia kwa hiari au kwa kulazimika.

Kazi hizi nazithamini. Hata hivyo zote humtegemea kiumbe mmoja: mtu aliye peke yake mbele ya chombo, ana maoni yake, nia yake na neno lake la siri. Katika nyumba nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili kule Marekani, katika miji kama Louisville, Columbus na Buffalo, kiumbe huyo ni vigumu kumpata.

Chukua mama aliyekimbia Uvira, Kongo, akakaa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, na sasa anaishi Louisville. Saa mbili usiku simu inatoa mlio: hospitali imeandika kwamba majibu ya vipimo yako tayari. "Njoo unisomee hii," anamwita bintiye wa miaka 12. Binti anaacha vyombo kwenye sinki, anapangusa mikono kwenye sketi, anachukua simu. Neno la siri analijua yeye, maana ndiye aliyeliweka. Anasoma mpaka chini, anarudi juu, anasoma tena. "Mama, wanasema urudi wakupime tena." Katika kumbukumbu za hospitali inabaki kwamba mgonjwa ameingia na kusoma majibu yake.

Ametumia nani? Mama hakugusa kitu. Binti si mgonjwa, wala hakuna aliyemuuliza maoni yake kuhusu manufaa ya mfumo. Mtafiti akimhoji mama kama mfumo ni rahisi, huenda akajibu kwa moyo safi kwamba ni rahisi sana. Urahisi huo umelipiwa na mtu mwingine, na dodoso halina mahali pa kumwandika.

Serikali ya Marekani nayo ilihesabu hivyohivyo. Sheria ya mwaka 2009 ilitoa fedha kwa hospitali na madaktari waliohamia kwenye kumbukumbu za kielektroniki. Katika hatua ya pili ya mpango huo ilitakiwa zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wafungue taarifa zao mtandaoni. Mwaka 2015 kiwango kikashushwa hadi angalau mgonjwa mmoja. Kikiwa juu au chini, kilichohesabiwa ni kufungua. Nani alifungua, na alibaki na nini moyoni, hayo hayakuwa na safu yake.

Linalonisumbua zaidi ni hili. Kanuni za serikali kuu za mwaka 2016 ziliwakataza watoa huduma za afya wanaopokea fedha zake kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa katika dharura ambayo mkalimani wa kweli hapatikani kwa wakati. Mtoto hana msamiati wa tiba, na ugonjwa wa mzazi si mzigo wa kumtwika. Lakini habari ileile ikipita kwenye simu inamkuta mtoto yuleyule jikoni, na katazo limebaki mlangoni mwa kliniki. Kwetu habari nzito ina mpangilio wake: hupelekwa kwa mtu mzima, mwenyewe akakalishwa, akapewa maji, ndipo akaambiwa. Mfumo haujui mpangilio huo. Kwa dakika mbili binti alijua jambo kuhusu mwili wa mama yake ambalo mama hakulijua, na ikabidi aamue mwenyewe aseme nini na aache nini. Kujua kwa namna hiyo ni kazi, tena kazi ya mtu mzima.

Wapo watakaosema mama afundishwe. Afundishwe, ndiyo. Ila tusidhani kwamba simu imemshinda. Kwa simu hiyohiyo anatuma ujumbe wa sauti WhatsApp hadi Bukavu na Nyarugusu, anachangisha pesa za msiba, anasuluhisha ugomvi wa wadogo zake. Anachokitumia bila kusukumwa ni chombo kinachompa nafasi ya kusema kwa sauti yake na kwa lugha yake. Rogers mwenyewe, katika matoleo ya baadaye ya kitabu chake, aliwaonya watafiti wenzake dhidi ya kumlaumu mtu binafsi kwa kasoro zilizo katika mfumo.

Wala sikubali kwamba mtumiaji bora ni yule asiyemhitaji mtu. Barua zetu zilisomwa miaka mingi na mmoja zikasikilizwa na wengi, na hakuna aliyeona ni upungufu. Ila msomaji yule alichaguliwa: mwalimu, katekista, mjomba aliyejulikana kwa kutunza siri. Binti huyu hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa nyumbani, na Kiingereza anakijua.

Mifumo mingi ya hospitali za Marekani tayari humruhusu mgonjwa kumpa mtu mzima mwingine ruhusa ya kuingia kwa niaba yake. Basi mtafiti atakayeingia nyumba ya Wakongo kule Buffalo, au ya Wabantu wa Somalia kule Columbus, mji uleule alikoandikia Rogers, aanze kwa kumuuliza mama angependa nani amsomee. Huenda akamtaja shangazi, au jirani wa kanisani. Akimtaja binti, basi binti naye aulizwe, akiwa peke yake, kabla dodoso halijafika kwenye urahisi na manufaa.