Jiko na Hema Lake

Tarehe 15 Aprili 1997 bonde la Mina, karibu na Makka, lilikuwa limefurika mahujaji wanaosubiri kwenda Arafa siku ya pili yake. Mahema ya kitambaa yalisimama bega kwa bega, na katika mengi yake watu walikuwa na majiko ya gesi ya kuchemshia chai na kupikia chakula. Moto uliotokana na gesi hiyo ulishika hema, upepo mkali ukauchukua, mitungi ikawa inalipuka mmoja baada ya mwingine, na ndimi za moto zikaruka safu kwa safu upesi kuliko mzee anavyoweza kukimbia. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 343. Waliojeruhiwa walizidi elfu moja, na mahema yapatayo 70,000 yaliteketea. Wapo waliokufa bila kuguswa na moto, wakikanyagwa katika mbio za kujiokoa. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Msiba ule haukuwa wa kwanza. Mwezi Desemba 1975, katika hija ya mwaka huo, mtungi wa gesi ulilipuka kwenye mahema ya mahujaji na watu wapatao 200 wakafa. Kitu kilekile, kwenye ibada ileile, na kati ya msiba mmoja na mwingine ikapita zaidi ya miaka 20.

Mambo kama haya yakitokea, lawama hutupiwa mpishi: alikuwa mzembe, aliacha jiko likiwaka, hakuangalia mpira wa gesi. Mimi siafiki. Majiko yale yalikuwa ya kawaida kabisa. Uwekwe mmoja wa mitungi ile uani, juu ya sakafu ya saruji, familia ingepikia mwaka mzima bila kuwaza. Kilichobadilika ni hema. Kitambaa kilicho shibiri chache kutoka kwenye sufuria, hema la jirani lililo shibiri chache kutoka kwenye kitambaa hicho, na mlango mmoja. Aliyetengeneza jiko hakulifikiria hema, aliyeshona hema hakulifikiria jiko, na hujaji akaachiwa avikutanishe mwenyewe, akiwa amechoka, ana njaa, na yuko ugenini.

Baada ya 1997 wenye mamlaka kule hawakuanza kwa kutafuta jiko bora. Walianza na hema. Mahema ya pamba yaliondolewa, yakaja ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa teflon, kisichoshika moto kwa urahisi, yenye mifumo ya kunyunyiza maji. Majiko ya gesi yakapigwa marufuku ndani ya mahema. Mwenye kwenda hija kutoka Zanzibar au Mombasa leo analala katika hema lililozaliwa na msiba ule, hata kama hajapata kuusikia.

Nayasimulia haya kwa sababu vijana wengi wa karakana na vyuo vya ufundi sasa wanabuni majiko ya kukunja: ya wapanda milima, ya wafugaji, ya watafiti wa porini, ya watu waliokimbia makwao na kuishi chini ya turubai. Michoro yao ni mizuri. Miguu inakunjwa, kichomeo kinaingia ndani ya sufuria, uzito umepunguzwa hadi gramu ya mwisho. Lakini kwenye karatasi jiko linaonekana peke yake, juu ya mstari mnyoofu unaoitwa meza. Hema halimo katika mchoro. Msanifu anayechora jiko bila hema amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua.

Moto huonekana, nao huwapa watu nafasi ya kupiga kelele. Kuna kifo kingine ambacho hakitoi mwanga wala harufu.

Mwaka 1934 Richard Byrd, afisa wa jeshi la majini la Marekani ambaye miaka mitano kabla aliruka kwa ndege juu ya Ncha ya Kusini, aliamua kukaa majira ya baridi kwenye uwanda wa barafu wa Ross huko Antaktika, akipima hali ya hewa. Kituo kilipangiwa watu watatu. Shehena haikutosha, akabaki yeye mmoja, kilomita 200 hivi kutoka kambi kuu ya Little America, ndani ya kijumba cha mbao kilichozikwa thelujini. Hakikuwa hema, lakini kwa upande wa hewa kilikuwa kibaya kuliko hema: theluji iliziba kila ufa, na pumzi ya nje iliingia kwa bomba tu.

Jiko lake lilikuwa la makaa ya mawe, likageuzwa ili lichome mafuta. Bomba la moshi liliungwa vipande vipande, na maungio yake hayakushikana sawasawa. Hilo lilikuwa kosa kubwa. Pamoja na jiko alikuwa na injini ndogo ya kuzalisha umeme wa redio, iliyowekwa kwenye handaki la theluji. Tarehe 31 Mei, akiwa kwenye mawasiliano na kambi kuu, alisikia injini inakohoa. Akaenda kuitazama, akaanguka handakini. Alirudi kitandani kwa kutambaa.

Tangu siku ile alijua anapumua sumu, na hapa msanifu yeyote anapaswa kusimama na kufikiri sana. Nje baridi ilishuka hadi karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Akiwasha jiko, anadhurika kwa gesi. Akilizima, anaganda. Aliligawa jiko kwa saa: awashe kidogo, azime kwa muda mrefu wa siku, na barafu ikawa inapanda kwenye kuta za ndani. Hakuwaambia wenzake kwa redio, kwa kuhofia kwamba wangetoka gizani kumfuata na kufa njiani. Lakini herufi zake za Morse zilikuja zimevunjikavunjika, na Thomas Poulter, mwanasayansi wa msafara, akashuku. Majaribio ya kwanza ya kumfikia kwa trekta yalishindwa. Tarehe 10 Agosti Poulter na wenzake wawili walifika, wakamkuta amebaki mifupa. Ilipita miezi miwili mingine ya kumuuguza palepale kabla ndege haijaweza kumchukua. Yeye mwenyewe aliyaeleza yote katika kitabu chake Alone cha 1938, na ningependa kila anayekata bati la bomba akisome.

Sumu hiyo ni kaboni monoksidi. Hutokea pale kitu chenye kaboni kinapoungua bila kumalizika kuungua, kiwe kuni, mkaa, mafuta ya taa au gesi. Himoglobini ya damu huishika kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoishikia oksijeni, na mtu akishatolewa nje kwenye hewa safi, damu huchukua saa nne au tano kuipunguza kwa nusu tu. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, kwa hiyo haizami wala haipandi: inaenea hemani kote. Wanaodhani kulala chini kunawaokoa wamekosea, na wanaodhani mkaa usiotoa moshi ni salama wamekosea vibaya zaidi. Mkaa mwekundu unaong'aa bila moshi ndio unaoitoa kwa wingi, na ndiyo sababu kila msimu wa baridi, Njombe hadi Limuru, husikika habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, wasiamke.

Ndani ya jiko la kukunja sumu hii ina milango yake. Wa kwanza ni sufuria yenyewe. Maji hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo kitako cha sufuria ni baridi mbele ya moto. Mwali ukikigusa kabla haujamaliza kuungua, unapoa ghafla na kaboni monoksidi inatoroka pembeni. Kuyeyusha theluji ndiko kubaya kabisa. Kuinua sufuria kidogo juu ya kichomeo hupunguza gesi hiyo, lakini hupoteza joto, na hapa ndipo biashara inapoingia: jiko huuzwa kwa dakika za kuchemsha lita moja, basi msanifu hushusha sufuria ili ashinde kwenye tangazo. Nasema waziwazi, jiko la hemani likubali kuchelewa. Na kwa kuwa ni la kukunja, mguu wa sufuria usiruhusiwe kusimama nusu. Uwe wazi wote, ujifunge wenyewe kwa mlio unaosikika, au uikatae sufuria kabisa. Maana mguu uliokunjuka nusu huishusha sufuria ndani ya mwali na mpishi hatajua.

Mlango wa pili ni kule alikoumia Byrd. Kila kinachokunjwa kina bawaba au kiungo, na kila kiungo ni ufa unaongoja. Bati jembamba likipata moto linapinda. Likipinda mara nyingi, kile kilichobana karakanani kinacheza kambini. Majiko ya kuni yenye bomba la kukunjwa yanahitaji vipande vinavyoingiana kwa kina, si vinavyogusana ncha. Bomba lenyewe lipite juu ya kilele cha hema, la sivyo upepo huusukuma moshi urudi. Na pale linapopenya kitambaa pawe na kipande kisichoungua, kwani nailoni huyeyuka kwenye nyuzi 220 hadi 260 hivi na bomba la kuni hupita hapo bila shida.

Watu waliowahi kufikiri jiko na hema kwa pamoja wapo, tena zamani. Henry Hopkins Sibley, afisa wa jeshi la Marekani, alipata hataza mwaka 1856 kwa hema la umbo la pia alilolichukua kwenye makao ya watu wa asili wa mbuga za Amerika Kaskazini, ambao hema lao lina tundu kileleni lenye mapazia ya kuelekeza moshi kulingana na upepo. Jiko lake nalo likawa umbo lilelile la pia: bati lisilo na kitako, lililokaa juu ya udongo, na bomba lililopanda wima katikati. Hakuna ustadi wa kushangaza ndani yake. Moshi ulipewa njia moja, fupi, iliyonyooka, na jeshi likalitumia jiko hilo hadi nyakati za Vita Kuu ya Pili.

Leo wengi hutegemea kihisi. Kipo kifaa kinachozima gesi pale oksijeni inapopungua: mwali mdogo hupasha ncha ya chuma, hewa ikiwa duni mwali hunyanyuka, ncha hupoa, vali hujifunga. Ni kazi nzuri, lakini kifaa hicho hupima oksijeni, hakipimi sumu. Tena kimewekewa kipimo cha nchi za chini. Kwenye kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita zaidi ya 4,600, msukumo wa hewa unazidi kidogo tu nusu ya ule wa pwani, na kifaa hicho kitazima jiko hata mlango wa hema ukiwa wazi. Kikizima hivyo mara kadhaa, mtu mwenye baridi atatafuta waya akifunge. Usalama unaomzuia mtu kupika bila sababu utang'olewa siku ileile.

Na mlimani kuna hatari ambayo pwani haipo. Kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea, akili kuchelewa: hizo ni dalili za sumu hii, na ndizo hizohizo dalili za ugonjwa wa kimo. Wagumu wanaobeba mizigo Kilimanjaro na wapishi wanaopika kwenye mahema wanazijua dalili hizo, na ni rahisi kuzisingizia kimo. Mtu ataambiwa apumzike, arudi kulala palepale penye jiko. Nadhani hili peke yake linatosha kumfanya msanifu akose usingizi.

Maandishi kwenye boksi yanayosema jiko lisitumike ndani ya hema ni ya kweli, na jiko lisilo na bomba la kutolea moshi lisiwashwe kamwe katika hema lililofungwa wala liachwe likiwaka watu wakilala. Lakini maandishi hayo yanamkinga muuzaji kuliko mnunuzi. Mvua ikipiga kambi ya Shira, Kilimanjaro, saa kumi na moja jioni, jiko litaingia ndani na zipu itafungwa. Anayebuni aanze na jioni hiyo, si na meza ya karakana.

Kwa hiyo jaribio lifanywe hivi. Lisimamishwe hema lenyewe litakalouzwa nalo au litakalobebwa nalo, liloweshwe maji kama lililonyeshewa, milango ifungwe yote. Jiko lisimame juu ya udongo usio sawa, ili ionekane linapinduka au la. Sufuria iwe kubwa kuliko ile ya kwenye picha, maana ndiyo mpishi wa kundi atakayoibeba, na iwe na maji ya baridi kabisa. Jiko liwe limekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi kwanza, likiwa na masizi na bati lililoanza kupinda. Kisha jaribio lote lirudiwe mlimani. Asikae mtu ndani. Kipimo cha kaboni monoksidi kiwekwe usawa wa pua ya mtu aliyelala, na namba zake zisomwe kutoka nje.